Mwambata Aliyemwonea Wivu Fundi Cherehani

Nchi ya Shwari haipo kwenye ramani yoyote, na wananchi wake hawana kinyongo na jambo hilo, kwa kuwa Wizara ya Ramani iliwahakikishia kwamba kukosekana huko kulifanywa kwa faida yao. Ni nchi nzuri. Waliosema si nzuri walitafutwa mmoja mmoja na kuelimishwa.

Zamani Shwari iliuza ng'ambo pamba, karafuu na ngozi za mbuzi. Pamba ikaoza bandarini ikisubiri kibali, karafuu zikasahaulika ghalani, na mbuzi wakala faili la mkataba wa ngozi zao wenyewe. Hapo ndipo Waziri wa Fursa aliposimama Bungeni na kutangaza kwamba taifa limegundua bidhaa isiyooza, inayojipakia yenyewe na kujibebea sanduku lake: mabinti. Wabunge walipiga makofi kwa dakika kumi na moja. Tangu siku hiyo, kila Jumanne ndege moja ilijaa wasichana wenye sketi za kijani ikaruka kwenda Ufalme wa Marumaru, ambako watu wana sakafu nyingi kuliko muda wa kuzipangusa.

Lakini Shwari si serikali ya kutupa watoto wake. Kwenye ubalozi wake huko Marumaru iliweka mtu maalumu wa kuwasaidia watakaoteswa au kudhikika kazini. Cheo chake kilikuwa Mwambata Mkuu Msaidizi wa Ustawi, Heshima, Usikivu na Faraja ya Mabinti wa Shwari Waliotawanyika kwa Hiari Yao Katika Majumba ya Nchi Rafiki. Jina lake lilikuwa Athumani Mwinyigogo. Kadi yake ya jina ilibidi ikunjwe mara tatu ndipo iingie mfukoni.

Mwinyigogo alikuwa mtu wa miaka arobaini na tisa, suti ya kijivu, masharubu yaliyopimwa kwa rula. Aliwapenda mabinti wale, na hapa msomaji asicheke, aliwapenda kwa dhati. Aliwapenda wote kwa pamoja, kwa mujibu wa orodha. Ndoto yake kubwa ilikuwa kwamba siku moja binti mmoja ataingia ofisini kwake, ataketi, atalia kidogo, kisha atamwita Baba.

Kila mwaka, mwezi wa pili, alifanya Zoezi la Kitaifa la Kujuliana Hali. Alimpigia simu mwajiri, kwa sababu ni utovu wa adabu kumpigia mtumishi kabla ya mwenye nyumba, akamwomba aweke spika na amwite binti.

"Habari za kazi?" aliuliza Mwinyigogo.

"Nzuri," alijibu binti.

"Taifa linakushukuru," alisema Mwinyigogo, akakata simu na kuandika *Nzuri* kwenye fomu, ambayo ilikuwa na nafasi ya neno moja tu.

Mwaka ule mabinti walikuwa elfu nne mia moja na kumi na wawili. Nzuri zilikuwa elfu nne mia moja na kumi na mbili. Serikali ilimvisha Nishani ya Sikio la Dhahabu, daraja la pili.

* * *

Ofisi yake ilikuwa na viti kumi na viwili vya wageni, vyote bado vimevaa nailoni za dukani. Mlangoni palikuwa na sanduku la malalamiko, ambalo ufunguo wake ulihifadhiwa ndani ya sanduku lenyewe ili usipotee. Mwenye shida halisi alitakiwa kujaza Fomu Namba Saba, nakala tano, kila moja ikiwa imesainiwa na mwajiri anayelalamikiwa. Fomu hizo zilikuwa nyingi na safi. Hakuna aliyewahi kuchukua hata moja.

Ijumaa ilikuwa siku ya mapumziko kwa wale waliobahatika kupumzishwa. Kila Ijumaa Mwinyigogo aliziona kupitia dirishani sketi za kijani zikipanda barabara, mbili mbili, tatu tatu, na kila Ijumaa alikaza tai. Kila Ijumaa zilipita mbele ya geti la ubalozi bila hata kugeuza shingo, zikavuka barabara, zikateremka ngazi za chumba kimoja cha chini ya ghorofa chenye kibao kilichoandikwa kwa mkono: SOMOE FUNDI. TUNAPUNGUZA, TUNAONGEZA.

Bi Somoe alikuwa mwanamke wa Shwari wa miaka sitini na kitu, aliyekuja Marumaru zamani kupangusa sakafu kama wenzake, kisha magoti yalipogoma akaingia kwenye cherehani. Mabinti walimpelekea sare zao azipunguze. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuleta sare ya kuongezwa. Bi Somoe alizungusha futikamba kiunoni, akaona kimepungua inchi nne tangu Machi, na hakuhitaji fomu kujua kwamba nyumba ile hailishi mtu. Nyuma ya pazia lake palikuwa na sufuria ya ubwabwa isiyokauka na kitanda cha aliyetoroka jana. Palikuwa pia na namba ya wakili mmoja mama wa Marumaru ambaye majoho yake ya mahakamani yalishonwa pale. Ndani ya pindo la kila sare Bi Somoe alitarizi namba yake ya simu kwa uzi wa rangi ile ile ya kitambaa, mwajiri asiione.

Ubalozi ulikuwa na darubini iliyonunuliwa kwa ajili ya gwaride. Ijumaa moja Mwinyigogo aliiazima. Akaona binti mmoja akipanda ngazi kutoka kwa fundi, anacheka, sare yake mkononi. Alifika juu, akasimama, akafikiri, kisha akateremka tena ngazi zote kwenda kumkumbatia yule mama mara ya pili.

Mwinyigogo aliweka darubini chini. Kitu kilimpanda kutoka tumboni hadi kooni, na kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, alidhani ni kiungulia na akanywa dawa ya kiungulia. Hakikushuka. Ulikuwa wivu, tena wivu mbichi, wa kumfanya mtu mzima mwenye nishani asimame dirishani akihesabu watu wanaokumbatiwa na mtu mwingine.

* * *

Alimtuma karani wake, Bi Leokadia, akapeleleze. Alimpa gauni la kupunguza na maelekezo ya maandishi. Bi Leokadia aliondoka saa nne akarudi saa nane, gauni limemkaa vizuri ajabu na macho mekundu.

"Umegundua nini?" Mwinyigogo alimdaka mlangoni.

"Hakuna kitu, bosi. Nimemweleza habari za mama yangu."

"Mama yako ana nini?"

"Amepooza upande, bosi. Huu mwaka wa pili sasa."

Mwinyigogo alihisi kile kitu kikimpanda tena. "Mwaka wa pili! Na mimi hujaniambia? Kila asubuhi mimi nakuuliza habari za nyumbani!"

"Unaniuliza, bosi. Nami nasema nzuri. Nawe unaingia ofisini kwako."

"Sasa kama si nzuri kwa nini unasema nzuri?"

Bi Leokadia alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Lakini bosi, wewe hukuzaliwa kwetu? Mtu hata akiwa kwenye machela ukimuuliza habari, anakujibu nzuri. Ile ni salamu. Shida inakuja baadaye, kwenye *ila*. Nzuri, *ila* mguu unanisumbua. Nzuri, *ila* mtoto hatuko naye tena. Sasa wewe ukishasikia nzuri, umeshaondoka."

"Na huyo fundi yeye anafanya nini cha maana?"

"Anakuuliza habari, kisha ana pini mdomoni, anakubana gauni. Hawezi kuongea. Basi mnabaki kimya hivyo. Na wewe mwenyewe unaona aibu ya kile kimya, unaanza, *ila*…" Bi Leokadia alitoa leso. "Hata sikujua nalia. Nimeona tu gauni limelowa."

Mwinyigogo aliingia ofisini akafunga mlango. Aliandika kwenye daftari lake la siri: *Mtuhumiwa hutumia pini.* Kisha akakaa kwenye kimojawapo cha viti vya wageni, ili angalau kimoja kiwe kimekaliwa, na nailoni ikalia chini yake kwa sauti isiyo na heshima.

* * *

Wiki iliyofuata Bi Somoe alikuja mwenyewe. Aliingia akichechemea na kuketi kwenye nailoni bila kuambiwa karibu. Mwinyigogo alipaswa kumwamkia, mtu aliyemzidi umri kiasi kile, lakini serikali haimwamkii mtu.

"Mwanangu, kuna binti anaitwa Zamoyoni," alisema Bi Somoe. "Yuko ghorofa ya tisa, lile jengo jeupe la karibu na uwanja wa farasi. Ijumaa hatolewi. Mimi mwenyewe sura yake siijui, tunajuana kwa simu tu. Sare alirithishwa ya binti aliyekuwepo kabla yake, akakuta namba yangu kwenye pindo. Simu anaificha kwenye ndoo ya mchele. Ananipigia saa nne asubuhi, madamu wake akienda kuogelea. Amechomwa na pasi, mwanangu. Mkono wote huu. Analala kibarazani, na anakula baada ya paka."

"Baada ya paka," alirudia Mwinyigogo, na kwa sekunde moja uso wake ulikuwa wa mtu wa kawaida.

"Pasipoti anayo madamu. Mimi kitanda ninacho, wakili ninaye. Mlango wa lile jengo ndio sina. Mlinzi pale anamruhusu mtu wa ubalozi tu. Niandikie ile hati ya dharura ya kusafiria, uigonge mhuri, twende wote wawili. Ni kazi ya nusu saa."

Mambo mawili yalipigana ndani ya Mwinyigogo. La kwanza lilikuwa mkono wa binti. La pili lilikuwa dogo kuliko lile, lakini lilikuwa na sauti kubwa zaidi.

"Kwa nini alikupigia wewe?" aliuliza.

"Unasemaje, mwanangu?"

"Nauliza tu. Yupo mtu aliyeteuliwa. Ana simu ya mezani, ana simu ya mkononi, ana faksi. Kwa nini hakunipigia mimi?"

"Wewe ndiye uliyempigia, mwezi wa pili. Madamu akiwa amesimama pale. Akakwambia nzuri."

Mwinyigogo alifungua kabati, akatoa faili. *Zamoyoni. Februari. Nzuri.* Alimgeuzia Bi Somoe karatasi aone mwenyewe, kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi. "Serikali haiwezi kuwa na majibu mawili ya mtu mmoja. Mwambie aje alalamike mwenyewe, kwangu. Fomu Namba Saba. Akifika hapa na kuniambia mimi, kwa mdomo wake, nitamsaidia mpaka ashangae."

"Haruhusiwi kuvuka mlango wa jengo, mwanangu."

"Basi mwajiri anaweza kuisaini huko huko."

Bi Somoe aliinuka. Hakugombeza. Alimtazama kiunoni, macho ya kifundi, akasema, "Wewe nawe umekonda," kisha akaenda zake. Mwinyigogo hakulala usingizi mzuri baada ya hapo, kwa sababu ni kweli alikuwa amekonda, na ilikuwa mara ya kwanza mtu yeyote kuliona jambo hilo.

Kesho yake aliandika barua wizarani: kuna mtu Marumaru anayesaidia bila leseni.

* * *

Shwari hujibu barua baada ya miaka mitatu, isipokuwa barua za kumchongea mtu. Hii ilijibiwa siku ya pili. Waziri alinukuu Sheria ya Huruma, kifungu cha tisa, kinachomtia hatiani mtu yeyote anayemsaidia mwenzake bila kibali, au kwa kibali kilichokwisha muda, au vizuri kupita kiasi hata mamlaka husika ikaonekana vibaya. Pasipoti ya Bi Somoe ilifutwa. Simu yake, futikamba na kikopo cha pini vikachukuliwa kuwa vielelezo. Akapandishwa ndege ya Jumanne, ile ile iliyokuwa imeleta sketi za kijani asubuhi na ambayo kwa kawaida ilirudi tupu.

Pale uwanjani hakuomba chochote ila kimoja. "Hiyo simu italia," alimwambia Mwinyigogo. "Ikilia, ipokee. Hayo mengine nitakuachia wewe na Mungu wako."

Ijumaa ile Mheshimiwa Balozi alikata utepe kwenye chumba cha fundi, ambacho sasa kiliitwa Kituo cha Taifa cha Usikivu. "Ndugu zangu," alisema Balozi, akizungumza na mpiga picha, Mwinyigogo na Bi Leokadia, "huruma ni rasilimali ya taifa. Haiwezi kuachwa ichimbwe kiholela na wachimbaji wadogo. Kuanzia leo huruma itachimbwa kitaalamu, kuanzia saa tatu hadi saa sita na nusu, isipokuwa sikukuu." Viti vya nailoni vililetwa vyote kumi na viwili. Cherehani ilifunikwa bendera.

Hakuja mtu. Sketi za kijani zilifika juu ya ngazi, zikachungulia, zikaona bendera, zikarudi. Mwinyigogo alikaa pale chini akiwa na kila kitu alichokuwa akikitamani. Chumba ni chake, ngazi ni zake, hata harufu ya ubwabwa bado ilikuwepo. Wivu haukumtoka. Ulikuwa umebadilisha kiti tu, sasa alimwonea wivu mtu ambaye hayupo.

Simu ililia. Aliipokea kabla ya mlio wa pili.

"Hapa ni Mwambata Mkuu Msaidizi wa Ustawi, Heshima, Usikivu na…"

Ikakatwa. Ililia tena baada ya saa moja, namba nyingine. "Hapa ni Mwambata Mkuu…" Ikakatwa. Alijaribu kufupisha: "Ubalozi." Ikakatwa haraka zaidi. Alijaribu "Karibu binti yangu," kwa sauti yake nene ya gwaride, na safari hii alisikia mtu akitoa mguno wa woga kabla ya kukata. Ndani ya wiki moja zilipigwa simu thelathini na moja, na thelathini na moja zilikatwa. Mabinti waliokuwa na shida walikuwa wanamkimbia kwa vidole vyao wenyewe, na kila mara kioo cha simu kilimwandikia jina: Mashaka, Tunu, Zamoyoni. Zamoyoni. Zamoyoni.

Jumatano moja Bi Leokadia, akiwa anateremka ngazi na chai, alisikia sauti ya mwanamke mzee ndani ya Kituo. Alifurahi akidhani Bi Somoe amerudi. Alimkuta bosi wake peke yake, ameshika kioo kidogo, anasema kwa sauti nyembamba iliyopasuka pasuka: "U mzima, mwanangu? Umeamkaje? U mzima?"

Waliangaliana. Bi Leokadia aliweka chai mezani, akatoka nyuma nyuma.

Saa nne kamili simu ililia.

"Ndiyo, mwanangu," alisema Mwinyigogo kwa ile sauti. Jasho lilimtoka chini ya masharubu. "U mzima?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Habari za huko?"

"Nzuri."

Mkono wa Mwinyigogo ulikwenda wenyewe kwenye kalamu. Miaka kumi na miwili mkono ule ulikuwa ukilisikia neno lile na kuandika. Aliukamata kwa mkono wa pili. Mdomo nao ulitaka kumshukuru binti kwa niaba ya taifa, basi akafungua kikopo cha vielelezo, akachukua pini tatu na kuzibana kati ya midomo. Akanyamaza. Alisikia bomba likidondosha maji huko ghorofa ya tisa. Alisikia lifti. Alisikia mtu akipumua kwa shida, na kimya kikawa kirefu mpaka kikaanza kumuuma.

"Ila…" alisema Zamoyoni.

Na yote yakatoka. Mkono umeoza, mama, unatoa maji, naufunga kwa kitambaa cha vyombo ili wageni wasione. Juzi amenikata nywele kwa sababu niliota jua kibarazani. Jina langu haniiti, ananipigia makofi. Na kesho, mama, kesho mchana dereva anakuja, napelekwa kwa dada yake, huko machimboni, siku mbili kwa gari, hakuna mtandao huko, binti aliyekwenda mwaka jana hakusikika tena. Nimekupigia wiki nzima, anapokea mwanamume.

Mwinyigogo alikuwa analia. Pini zilimchoma midomo kila alipopata kwikwi, na hakuzitoa.

"Mama, upo?"

Akazitema. "Nipo, mwanangu. Kesho saa nne, akienda kuogelea, teremka na takataka. Namtuma mtu."

"Nani, mama?"

"Bwana mmoja." Hapo sauti ikamnogea. "Mtu mzima, suti ya kijivu. Mtu mzuri sana huyo bwana, msikivu, ana huruma ya ajabu. Watu hawamjui tu."

"Si yule wa ubalozini lakini? Mama nakuomba, yule usimwambie. Yule ukimwambia, anampigia madamu kwanza."

Mwinyigogo alifumba macho.

"Hapana," alisema. "Siye yule."

* * *

Aliiandika hati ya dharura kwa mkono wake bila Fomu Namba Saba, na alipogonga mhuri moyo ulimdunda kama wa mwizi. Bendera ya gari aliivua. Bi Leokadia akaendesha.

Saa nne na dakika tano mlango wa lifti wa lile jengo jeupe ulifunguka, akatoka binti mwembamba pekupeku, kichwa kimenyolewa vibaya, mfuko mweusi wa takataka mkononi. Mwinyigogo alimwambia kwa upole, "Binti, lile gari," naye akaenda akiwa bado ameukumbatia mfuko wake. Mlinzi aliinuka. Wakati huo huo simu ya mezani ya mlinzi ikalia, na sauti ya mwanamke ikasikika kutoka humo mpaka nje: mzuie huyo, mzuie, nimesahau kofia yangu ya kuogelea nimerudi namkosa!

"Wewe ni nani?" mlinzi alimfokea Mwinyigogo, akimzibia njia.

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu kiundwe, cheo kile kilifanya kazi. Mwinyigogo alijinyoosha, akakohoa, akaanza. "Mimi ni Mwambata Mkuu Msaidizi wa Ustawi," alisema, na mlinzi, mtu wa nidhamu, akasimama wima, kwa maana hakuna anayemkatiza mkubwa katikati ya cheo chake. "Heshima," aliendelea Mwinyigogo. Zamoyoni alifika kwenye gari. "Usikivu." Mlango ukafunguliwa. "Na Faraja ya Mabinti wa Shwari." Mlango ukafungwa. "Waliotawanyika. Kwa Hiari Yao. Katika Majumba. Ya Nchi. Rafiki." Bi Leokadia alikuwa ameshageuza gari. Mwinyigogo alimpa mlinzi kadi, na mlinzi alipokuwa akiikunjua mkunjo wa tatu, wao walikuwa wamepita uwanja wa farasi.

* * *

Kwenye uwanja wa ndege Bi Leokadia alimvisha binti gauni lake mwenyewe, lile lililopunguzwa, na bado lilimpwaya. Daktari wa pale aliufunga mkono upya. Ikabaki robo saa. Mwinyigogo alisimama mbele ya Zamoyoni, mikono nyuma, akisubiri kushukuriwa. Alikuwa amesubiri miaka kumi na miwili.

"Shikamoo, baba," alisema Zamoyoni.

"Marahaba." Baba! Masikio yalimwaka moto.

"Ahsante kwa lifti. Mama yuko wapi? Nilidhani atakuja kuniaga."

Bi Leokadia hakujua kusema uongo. "Bi Somoe alirudishwa nyumbani, mwanangu. Leo wiki ya pili."

Zamoyoni akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Basi jana niliongea na nani?"

Bi Leokadia alimgeukia bosi wake, naye akafungua mdomo. Maneno yalikuwa yamejipanga tayari: ni mimi, binti yangu, ni mimi niliyekusikiliza. Lakini simu ilikuwa mfukoni, na tangu asubuhi ilikuwa imetetemeka mara sita. Mashaka. Tunu. Wengine asiowajua. Huyu akipanda ndege akijua, Jumanne ijayo kila sketi ya kijani itajua, mapindo yote yatafumuliwa, na simu ile haitalia tena kamwe. Aliufunga mdomo. Aliufungua tena.

"Uliongea na Bi Mashavu," alisema. Lilikuwa jina la marehemu mama yake. "Ni… ni msaidizi wake."

"Bi Mashavu," alirudia Zamoyoni polepole. "Baba, yule mama, Mungu anisamehe, amempita hata Bi Somoe. Bi Somoe halii, ameshazoea haya mambo. Bi Mashavu nilimsikia analia. Sijawahi kusikilizwa vile tangu nizaliwe. Wewe unamwona kila siku?"

"Kila siku."

"Una bahati. Laiti pale ubalozini wangekuwa na mtu mmoja tu wa aina yake."

Kile kitu kikampanda Mwinyigogo kutoka tumboni, na safari hii hakikusimama kooni, kilifika mpaka machoni. Hakuwahi kumwonea wivu Bi Somoe namna hii. Alimwonea wivu Bi Mashavu kwa upole wake, kwa machozi yake, kwa namna anavyojua kunyamaza.

"Na mimi je?" lilimponyoka.

"Wewe vipi, baba?"

"Nimekuja na gari."

"Ndiyo, baba," alisema Zamoyoni kwa adabu. "Gari zuri."

Wakaita abiria. Zamoyoni aliinua ule mkono wake mzima, akafumba macho katikati ya uwanja, watu wakimpita na masanduku yao. "Mungu amlinde Bi Mashavu," alisema. "Ampe umri mrefu, na asije akajulikana na wale watu wa serikali."

"Amina," alisema Bi Leokadia, kwa sababu bosi wake alikuwa amemkasirikia Bi Mashavu mno, hakuweza kuitikia.